Kabla Hujanunua CDI

Vespa ikigoma kuwaka mbele ya baraza, washauri hawakosekani. Mmoja atasema plagi, wa pili atasema petroli ina maji, na yule mwenye sauti kubwa kuliko wote atasema CDI imekufa. Huyo wa tatu ndiye mwenye ushauri wa ghali. CDI ni kisanduku cha umeme wa cheche, kilichozibwa pande zote. Hakifunguki wala hakionekani ndani, kwa hiyo kila kosa lisilojulikana husingiziwa hicho. Mwenye chombo ananunua mpya, anaifunga, anapiga kiki mpaka jasho linamchuruzika, na chombo kimya vilevile. Kumbe kosa lilikuwa kwenye waya ulioliwa na kutu, au kwenye kofia ya plagi.

Kwenye umeme wa Vespa, pima kwanza, nunua mwisho. Utaratibu nitakaoueleza unaanzia kwenye kisichogharimu kitu na kuishia kwenye kinachogharimu. Unahusu zaidi PX 125 na PX 150, Vespa za gia ambazo Piaggio ilianza kuzitoa mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambazo bado zinapita kila uchochoro wa Unguja, pamoja na LML za India zilizotokana nazo. Wenye skuta za kisasa zisizo na gia wana sehemu yao huko chini, lakini wasiiruke sehemu ya cheche.

Huhitaji gereji. Tafuta spana ya plagi namba 21, bisibisi, msasa laini, plagi mpya ya akiba, balbu ya breki ya volti 12 iliyoungwa nyaya mbili fupi, na multimita. Multimita ndogo ya kidijitali inatosha kabisa. Anayeona hasara kuinunua kwa sababu ataitumia mara mojamoja afanye hesabu ya vifaa alivyokwisha kubadilisha kwa kubahatisha.

Umeme wa aina mbili

Vua kifuniko cha upande wa kulia. Lile gurudumu zito lenye mapezi ya kupuliza upepo ni la magineti. Ndani yake mna sumaku, na sumaku hizo huzunguka juu ya sahani iliyofungwa koili kadhaa. Koili moja huzalisha umeme wa cheche. Kikoili kidogo pembeni, ambacho mafundi hukiita pikapu, huiambia CDI ni wakati gani cheche ipigwe. Koili zilizobaki ni za taa, honi na, kwa chombo chenye betri, kuichaji betri.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Cheche ya PX haiitegemei betri hata kidogo. Betri, kama ipo, ni ya kuzungusha stata na kuhudumia baadhi ya vifaa. Unaweza kuing'oa, ukaiweka dukani kwa chaji, na chombo kikawaka kwa kiki. Mwenye PX inayogoma kwa kiki akaenda kununua betri amenunua betri tu. Vivyo hivyo taa zikifa zote haina maana kwamba cheche imekufa, na taa zikiwaka vizuri si ushahidi kwamba cheche ipo. Ni njia mbili zinazotoka kwenye magineti mamoja na kila moja inachunguzwa peke yake.

Kinachoziunganisha njia hizi ni marejeo. Umeme ukienda lazima urudi, na kwenye Vespa unarudi kupitia bodi. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeibuni Vespa ambayo Piaggio iliisajili mwaka 1946, hakuijengea fremu ya mabomba kama pikipiki. Bati la chuma la bodi ndilo fremu yenyewe. Injini nayo imeshikizwa kwenye bodi hilo kwa vipande vya mpira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo kuna nyaya nyeusi za kuunganisha injini na bodi. Waya mweusi ukilegea, au skrubu yake ikikaa juu ya kutu, njia ya kurudi imefungwa. Vespa kadhaa hutoka kwa mpaka rangi zinang'aa mpaka unajiona usoni, na taa hakuna. Fundi wa rangi ametia rangi nene pale waya mweusi unapofungwa. Dawa ni kukwangua kwa msasa upana wa kidole gumba mpaka chuma kionekane, kufunga skrubu, kisha kupaka vazelini juu yake.

Dakika tano za petroli

Kabla ya umeme, petroli. Fungua tapu, hakikisha tangi lina kitu, vuta choki kama injini ni baridi, piga kiki mara tano au sita, halafu vua plagi uitazame.

Plagi kavu isiyonuka petroli inakwambia uache umeme na uende kwenye tapu, filta na kabureta. Plagi iliyolowa inakwambia petroli inafika. Ama hakuna cheche, ama injini imezama. Injini huzama zaidi kwa Vespa iliyoachwa tapu wazi usiku kucha huku sindano ya floti haifungi sawasawa. Funga tapu, rudisha choki, acha plagi nje ikiwa ndani ya kofia yake na imegusishwa kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho na upige kiki mara kadhaa ili petroli ya ziada itoke. Kausha plagi, irudishe, jaribu tena kabla hujafungua tapu.

Plagi nyeusi yenye utelezi ni habari ya oili. Vespa ya kuchanganya kwa mkono inataka asilimia 2, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Kuna wanaoongeza kipimo wakiamini wanaihurumia injini. Wanaichafua plagi tu. PX nyingine zina tangi lake la oili pembeni, na hizo hazichanganywi. Itazame pia ncha ya plagi kwa makini, kwenye jua. Injini za namna hii hujenga uzi mwembamba wa masizi kati ya ncha mbili, mdogo kiasi kwamba mtu asiyeutafuta hauoni, na uzi huo unatosha kuizima cheche. Usugue kwa brashi ya waya, rudisha mwanya kuwa milimita 0.6, na pengine safari yako ya kutafuta ugonjwa imeishia hapo.

Kuitafuta cheche

Tia plagi ya akiba kwenye kofia. Plagi ya PX ni ya shingo fupi, kama NGK B7HS au B6HS. Ya shingo ndefu itagongwa na pistoni. Gusisha nyuzi za plagi kwenye kichwa cha silinda, mahali pasipo na vumbi wala rangi, mbali na tundu la plagi ambamo mvuke wa petroli unatoka. Shika kofia kwa kitambaa kikavu. Kaa kivulini, kwa sababu juani cheche nzuri huonekana kama haipo. Mtu mwingine apige kiki kwa nguvu. Cheche ya magineti hupatikana kwa kasi, na kiki ya kubembeleza haitoi kitu.

Cheche ya buluu inayosikika ikipasuka ni nzuri. Ya rangi ya chungwa, nyembamba, inayotokea mara moja na kukosa mara mbili, ihesabu kuwa ni mbovu. Usipige kiki kamwe waya wa plagi ukiwa unaning'inia hewani. Umeme mkubwa uliokosa pa kwenda hujitafutia njia ndani ya CDI, na hapo ndipo unapoiua kweli ile uliyokuwa ukiisingizia.

Hakuna cheche? Fanya mambo mawili ya bure, kwa mpangilio huu.

Kwanza, kofia ya plagi. Imefungwa kwa skrubu ndani ya waya mnene, izungushe itoke. Kata sentimita moja ya ncha ya waya ili upate shaba safi, kisha shikilia ncha hiyo milimita tano hivi kutoka kwenye chuma cha injini, kwa koleo yenye mpini wa mpira, na upige kiki. Cheche ikiruka, kofia ndiyo mbaya. Hivi ni vifaa vidogo vinavyokufa sana, maana ndani yake mna rezista inayoungua na chemchemi inayopata kutu, na nje inabaki inapendeza kama mpya.

Pili, waya wa kuzimia. Ufunguo wa PX hauiwashi cheche. Kazi yake ni kuizima. Ukifunga ufunguo, swichi huuchukua umeme wa koili ya cheche na kuupeleka kwenye bodi, cheche ikakosa chakula. Kwa hiyo swichi ikiharibika, au waya wake ukichubuka mahali popote kati ya usukani na injini na kugusa bodi, chombo kitadhani umekizima daima. Fuata waya wa kijani unaotoka upande wa bodi kuja kwenye CDI (si ule wa kijani unaotoka kwenye magineti), uchomoe, ufunike ncha yake kwa tepu, upige kiki. Cheche ikirudi, CDI yako ni nzima, magineti ni mazima, na tatizo liko kwenye swichi au njiani. Hesabu umeokoa fedha ya CDI. Ila kumbuka kwamba sasa ufunguo hauzimi injini: vuta choki, au tia gia ya nne, kanyaga breki na uachie klachi.

Mimi huliweka jaribio hili la waya wa kijani mbele ya vipimo vyote vya multimita, na nashangaa kuona mafundi wazuri wakiliruka. Halimalizi hata dakika mbili.

Kijani, nyekundu, nyeupe

Kama cheche bado haipo, sasa multimita. Piga picha ya CDI kwa simu kabla hujagusa kitu, ili ujue kila waya ulikaa wapi. Kutoka kwenye magineti zinakuja nyaya tatu za cheche: wa kijani ni wa koili ya kuzalisha, mwekundu ni wa pikapu, mweupe ni wa marejeo. Zichomoe zote tatu kwenye CDI na uweke multimita kwenye omu.

Kati ya mwekundu na mweupe utafute takriban omu 110. Kati ya kijani na mweupe, takriban 500. Tofauti ndogo isikutishe. Multimita za bei rahisi hazikubaliani, na joto nalo huongeza. Kinachotisha ni multimita kuonyesha kwamba hakuna njia kabisa, au kuonyesha karibu na sufuri. Cha kwanza maana yake waya au koili imekatika. Cha pili maana yake kuna shoti. Halafu pima kati ya mweupe na chuma cha injini. Panatakiwa pawe karibu na sufuri, na pakiwa na omu nyingi au hakuna njia, cheche haina pa kurudia.

Usiridhike na namba iliyotulia. Shika nyaya pale zinapotoka kwenye injini, zitikise taratibu huku macho yakiwa kwenye multimita. Vespa za miaka hiyo zilifungwa nyaya ambazo ganda lake, baada ya miaka ya joto na mvuke wa oili, hukauka na kumegeka vipandevipande. Waya uchi ukigusa sahani ya magineti, cheche inakufa. Ukiachana nayo, cheche inafufuka. Namba ikiruka wakati unatikisa, umeshaupata ugonjwa, na dawa yake si sahani mpya. Fundi mwenye subira anaweza kuivua sahani, akang'oa nyaya zote mbovu na kulehemu mpya zinazostahimili joto, koili zikabaki zilezile. Sahani mpya hununuliwa pale koili yenyewe inapokuwa imekatika. Gurudumu la magineti lakini livuliwe kwa pula yake. Anayekuja na nyundo mrudishe alikotoka.

Tuseme namba ni nzuri, nyaya ni nzima, kofia ni nzima, waya wa kuzimia umechomolewa, na cheche haipo. Hapa, na si kabla ya hapa, CDI inastahili kutuhumiwa. Hata hivyo usiende dukani bado. Multimita haiwezi kukuhukumia CDI. Jaribio la kuaminika ni kuifunga nyingine ambayo umeiona ikifanya kazi. Azima kwa jirani mwenye Vespa kama yako. Skrubu zake ni chache na nyaya ni zilezile. Katika mji uliojaa PX hakuna sababu ya kukisia. Ukishahakikisha, nunua, na ile ya zamani usiitupe mpaka mpya imekaa masika nzima, kwa sababu mpya nazo hutoka dukani zikiwa zimekufa.

Inayozima ikishapata moto

Kuna Vespa inayowaka asubuhi kwa kiki moja, ikatoka Mjini hadi Bububu bila neno, kisha ikazima ghafla kana kwamba mtu amefunga ufunguo. Ukipumzika nusu saa chini ya mwembe, inawaka, inakwenda kidogo, inazima tena. Huu ndio ugonjwa unaomaliza fedha za watu, kwa sababu kila chombo kinapofika kwa fundi kimeshapoa, kila kipimo kizuri, na fundi anaanza kubadilisha kimoja kimoja.

Sababu mbili zinafanana sana hapa, na moja si ya umeme kabisa. Mfuniko wa tangi una tundu dogo la kupitisha hewa. Likiziba kwa vumbi na mafuta, petroli inashuka mwanzoni, kisha ndani ya tangi hewa inapungua na petroli inakataa kushuka. Ukisubiri, hewa inapenyeza polepole na chombo kinawaka. Sababu ya pili ni koili au pikapu ambayo uzi wake umekatika mahali. Ukiwa baridi ncha zinagusana, ukipata joto zinatanuka na kuachana.

Kuzitofautisha ni kazi ya palepale barabarani, injini ingali moto. Inapozima tu, inua kiti, fungua mfuniko wa tangi, na sikiliza. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na chombo kikawaka kwa kiki chache, safisha tundu la mfuniko na umalize. Kama si hivyo, funga mfuniko, vua plagi na uangalie cheche hapohapo. Cheche ikikosekana, chomoa zile nyaya tatu na upime. Mwekundu na mweupe zilizosoma 110 nyumbani, na sasa hazisomi kitu, zimekupa jibu ambalo gereji isingekupa. Angalia vidole, maana injini hiyo ni moto.

Na kama injini inapozima cheche ipo, petroli ipo, ila kiki inaupiga mguu teke au kabureta inapiga chafya, fikiria kabari. Ni kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia gurudumu la magineti kwenye kranki. Nati ikilegea, kabari inakatwa, gurudumu linajizungusha pembeni kidogo, na cheche inapigwa wakati usio wake. Hakuna multimita itakayoliona hilo.

Wenye Vespa kongwe za platini, na Bajaj za zamani zilizofuata ramani ya Vespa za kale, wapuuze rangi za nyaya nilizozitaja. Kwao kazi huanza kwa kusafisha ncha za platini kwa msasa laini na kitambaa chenye petroli, na kurudisha mwanya kwenye milimita 0.4 hivi. Cheche kubwa zikionekana kwenye platini zenyewe injini ikizunguka, kondensa ndiyo imekwisha.

Taa

Taa za PX nyingi zinatumia umeme wa magineti moja kwa moja, kwa hiyo kufifia injini ikiwa taratibu ni tabia yake na si ugonjwa. Ugonjwa ni balbu kuungua moja baada ya nyingine. Hapo mtuhumiwa ni regulata, kazi yake ikiwa kuzuia volti zisipande na mwendo wa injini. Weka multimita kwenye volti za AC, pima kwenye waya wa taa ya mbele huku mtu akivuta mafuta. Zikipita 15 na kuendelea kupanda, regulata haifanyi kazi. Lakini kabla ya kuinunua, safisha pale ilipofungwa na waya wake mweusi. Regulata isiyogusana na bodi vizuri hufanana na regulata mbovu.

Ukiwasha indiketa na taa nyingine zikapepesa nayo, tafuta waya mweusi, usitafute balbu.

Skuta za kubonyeza kitufe

Skuta zisizo na gia, za kutoka China na kwingineko, zina tabia tofauti. Kwanza kabisa, nyingi hazizungushi stata mpaka breki imevutwa, na nyingine zina swichi kwenye stendi ya pembeni. Mgeni aliyekodi skuta ufukweni akaamini imekufa, mara nyingi hajavuta breki. Swichi ya breki yenyewe huingia chumvi na kushindwa. Jaribu breki ya pili kabla ya kulaani ya kwanza. Taa ya nyuma isipowaka unapovuta breki, umepata dalili.

Halafu betri, na hapa betri ni jambo kubwa. Iliyoshiba, ikiwa imepumzika, inasoma volti 12.6 hadi 12.8. Ya 12.2 ni nusu. Chini ya 12 imeisha. Lakini betri mbovu inaweza kusoma 12.6 ikiwa imetulia. Ipime huku unabonyeza stata. Ikianguka chini ya 9.6, ichajiwe ipimwe tena, na ikirudia hivyohivyo ibadilishwe. Injini ikiwa inaunguruma kwa mwendo wa kati, betri isome 13.5 hadi 14.5. Ikibaki 12, haichajiwi, na kununua betri mpya ni kuahirisha tatizo kwa wiki moja.

Sauti inasema mengi. Tatata ya harakaharaka ni betri dhaifu au vichwa vya betri vyenye kutu. Mlio mmoja, tak, kisha kimya, ni rilei au mota ya stata na makaa yake. Kimya kabisa ni fyuzi, breki, au swichi. Marejeo yanapimwa hivi: ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye chuma cha injini, mtu abonyeze stata. Zaidi ya nusu volti maana yake waya mnene wa hasi unakula umeme. Mafundi wengine huziunganisha ncha mbili nene za rilei kwa bisibisi ili waone kama mota inazunguka. Ni jaribio zuri, mradi skuta iko kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma liko hewani, na hakuna petroli iliyomwagika, kwa sababu cheche itaruka na injini inaweza kuwaka papo hapo.

Fyuzi inayokatika tena na tena usiizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hiyo inahamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye nyaya zilizo chini ya kiti, jirani na tangi. Itoe fyuzi, na mahali pake unga ile balbu yako ya volti 12. Chomoa kwanza taa na vifaa unavyovijua. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti. Tikisa nyaya, chomoa soketi moja baada ya nyingine, na pale balbu inapozima ndipo palipo na kosa. Anzia shingoni, chini ya usukani, ambako nyaya hupindwa kila unapokata kona.

Cheche ya skuta hizi huangaliwa kama ya Vespa, ila plagi ni ndogo, kwa kawaida C7HSA, na spana yake ni 16. Waya wa kuzimia kwenye nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe. Zile zenye sindano ya kielektroniki badala ya kabureta, fungua ufunguo na usikilize: pampu ya petroli inatakiwa ivume sekunde mbili hivi. Isipovuma, na betri ni nzima, anza na fyuzi yake. Na kwenye hizo, kinyume cha PX, betri ikifa kabisa hata kiki kwa kawaida haisaidii.

Chumvi

Hewa ya pwani inakula viungo vya nyaya kuliko umri unavyovila. Ukiona unga wa kijani kwenye soketi, shaba inaliwa. Ichomoe, ikwangue kwa msasa, ibane kidogo kwa koleo ili ishike, irudishe, na upake vazelini nje. Usipake grisi kati ya vyuma viwili kabla havijagusana. Fanya hivi kwenye kisanduku kidogo cha nyaya juu ya injini kabla ya masika, na nusu ya yaliyoandikwa hapo juu hutoyahitaji.

Anayekuoshea chombo kwa pampu ya maji ya nguvu mwambie aache upande wa magineti na chini ya usukani. Ukipita kwenye maji ya masika na chombo kikazima, usikimbilie kiki. Vua plagi, angalia kama maji yameingia, kausha kofia na waya wake, ndipo ujaribu. Maji yakiwa yamefika kwenye kabureta, toa petroli yote iliyomo kwenye bakuli lake.

Ukifika kwa fundi, usimwambie “CDI imekufa”. Mwambie: cheche hakuna, kofia nimejaribu, waya wa kijani nimechomoa, mwekundu na mweupe 112, kijani na mweupe hakuna kitu. Na kifaa chochote atakachobadilisha, akupe cha zamani uondoke nacho.